Mwalimu wa Uraia na Mlango wa Mbali

Angekuwa mwizi, ningeshamsamehe. Mwizi namwelewa: ana njaa, ana tamaa, ana watoto, anachukua chako anakwenda zake. Mwalimu wetu wa Uraia hakuwahi kula hata andazi la mtu. Miaka yote aliyokuja nyumbani kwa dada yangu Mbagala kushughulikia kesi ya mtoto wa dada, alikuja na chupa yake ya maji kwenye mfuko wa rambo, akanywa maji yake, akaondoka na chupa yake. Dada akimkaribisha chakula, anajibu, "Ahsante mama Shabani, mimi nimekuja kwa ajili ya haki." Nami niliyekuwa nimekaa pembeni nachambua mchele, kila alipolitamka neno hilo nilipata kichefuchefu, kama mtu aliyekuta nzi kwenye uji alioumaliza nusu.

Jina lake analo, lakini Mbagala hakuna anayelitumia. Ni Mwalimu wa Uraia, basi. Alinifundisha mimi sekondari, na miaka mingi baadaye akamfundisha Shabani, mtoto wa dada. Alipostaafu alijenga Tegeta, akafungua kijiofisi cha kutetea haki za watu kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, akabandika bango. Bado alikuwa akivuka jiji lote kutufuata huku Mbagala. Alikuwa akisema watu wa Tegeta wanajua kujitetea, sisi ndio tunaohitaji mtu. Hata alipotusaidia alitutukana.

Darasani alikuwa na fimbo ya mpera aliyoiita Katiba. Siyo utani, ndivyo alivyoiita. "Nani anataka kuonana na Katiba?" anauliza. Anakusimamisha, anakwambia taja haki za raia moja baada ya nyingine, na ukikwama kwenye haki ya mtu kutoteswa, unainama. Nimechapwa kwa ajili ya haki hiyo hiyo mara nyingi kuliko nyingine yoyote, kwa sababu ilikuwa katikati ya orodha na mimi orodha ndefu zinanishinda. Siku moja rafiki yangu alicheka, maana alikuwa ameliona lile tusilothubutu kulisema. Alichapwa kuliko mimi. "Mnacheka?" Mwalimu alifoka. "Haki ni kitu cha maumivu!"

Alipokuwa mtetezi nilimsikia akizungumza kwenye mkutano wa mtaa kupinga viboko mashuleni, kwa sauti ile ile. Baada ya mkutano nilimfuata. "Mwalimu shikamoo. Na ile Katiba yako ya mpera?" Hakuona haya hata kidogo. "Marahaba. Wakati ule," akanijibu, "tulikuwa hatujaridhia mkataba."

Huyo ndiye yeye. Mambo yote mabaya yalikuwa mabaya kuanzia siku ambayo karatasi ilisema.

Viatu hakuvua. Sisi ni watu wa pwani, kwetu viatu vinabaki mlangoni, hata mtoto wa kutambaa anajua. Mwalimu alivaa viatu vyeusi vya ngozi vilivyong'arishwa hata wakati Mbagala ni tope tupu, na akifika alikuwa akipitiliza navyo mpaka kwenye mkeka. Mkeka huo ndio tunaolia chakula, ndio dada anaosalia. Akishaondoka, dada anachukua kitambaa chenye maji anaufuta, polepole.

"Mwambie basi," nilikuwa nikimwambia dada.

"Muache, ni mtu wa bara, hajui."

"Amefundisha Mbagala tangu sijavunja ungo! Hajui nini?"

"Muache tu. Ana kesi ya mwanangu."

Tena alikuwa na tabia ya kusafisha sikio kwa kifuniko cha kalamu. Anazungumza, anachokoa, anakitazama kilichotoka, anakifuta kwenye suruali, kisha kalamu hiyo hiyo anampa dada aweke saini. Dada anaipokea kwa mikono miwili, kwa adabu. Mimi nageuka ukutani.

Lakini nikisema hayo tu nitakuwa mwongo, na simchukii kiasi cha kusema uongo. Mtu huyu alikuwa na ujasiri ambao sijauona kwa mwingine. Nina kibanda cha vitenge kwenye soko letu dogo, na kuna mwaka tajiri mmoja alidai uwanja ni wake, akaleta tingatinga asubuhi na vijana wa miraba minne. Wanaume wa soko, wale wanaojua kutupigia kelele sisi wanawake, walipotea wote. Mwalimu alikuwa amekuja kununua kamba za viatu. Akasimama mbele ya lile tingatinga na shati lake jeupe, akaanza kusoma sheria kwa kichwa, kifungu baada ya kifungu, kama anafundisha kidato cha pili. Kijana mmoja akamzaba kofi, miwani ikaruka. Mwalimu akaiokota, akaivaa ikiwa imevunjika upande mmoja, akaendelea na kifungu kinachofuata. Dereva akazima injini. Nadhani aliona haya. Mpaka leo kibanda changu kipo pale pale.

Siku ile nililia kwa ajili yake. Nilimpelekea kitenge kwa ajili ya mkewe, akakikataa. "Sikufanya kwa ajili yako, binti. Nimefanya kwa ajili ya mfano." Nilidhani ni unyenyekevu. Baadaye ndipo nilipojua kuwa alikuwa ananiambia ukweli mtupu.

Alikuwa na misemo yake, ameitengeneza mwenyewe, na aliipenda kama watu wanavyopenda watoto wao. "Haki haina haraka." Huo wa kwanza. Wa pili ulikuwa, "Mtu mmoja ni mfano tu, watu wengi ndio kesi." Aliusema huo mbele ya dada yangu, ambaye wakati huo mwanawe alikuwa mahabusu, na dada akatikisa kichwa kukubali, kwa sababu anayesema ni Mwalimu.

Shabani alikuwa bodaboda. Alimbeba abiria mwenye begi, wakasimamishwa njiani, abiria akaruka akakimbia, begi likabaki na Shabani. Ndani ya begi kulikuwa na vitu vya watu walioporwa kwa bastola. Kosa hilo halina dhamana. Kila alipopelekwa mahakamani wimbo ulikuwa mmoja: upelelezi haujakamilika, kesi inaahirishwa. Dada anarudi na kanga imelowa machozi, anapika, kesho yake anajipanga tena kupeleka chakula gerezani. Raba za Shabani dada aliziacha pale pale mlangoni mwanawe alipozivulia. Ukifagia unazizunguka.

Mbagala mwenye shida hagongi mlango mmoja. Dada alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akaenda kwa mtendaji, akaenda kwa sheikh, akaenda kwa mbunge, akapiga simu redioni. Kila mmoja akahurumia kivyake. Hivyo ndivyo tulivyolelewa: ukigonga milango yote, kuna mmoja utafunguka, na aliyefungua hana sababu ya kuwaonea wivu wenzake. Ndipo Mwalimu akaja na habari kuwa shauri linaweza kwenda nje ya nchi.

Siku hiyo naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu. Mwalimu alikaa kwenye mkeka na viatu vyake, akasema atatuelewesha kwa vitendo. Akanyoosha mkono mpaka mlangoni, akachukua kandambili za dada, akaziweka katikati ya mkeka. Kandambili! Pale pale panapokaa sinia.

"Hizi zote mbili ni Arusha," akasema. "Hii ya kulia ni mahakama ya Afrika. Ule mlango wa mtu binafsi kwenda moja kwa moja, nchi yetu imeshaufunga. Hii ya kushoto ni mahakama ya Afrika Mashariki. Hawa wanataka uwahi ndani ya miezi miwili, na sisi tumeshachelewa." Akazisukuma pembeni.

Akachukua kandambili yangu, ile yenye kamba niliyoishonea uzi. "Hii ni Geneva. Kuna jopo linaloshughulikia watu waliofungiwa bila kuhukumiwa. Hawa hawana maneno mengi. Hawakuulizi kama umemaliza mahakama za nyumbani. Unaandika, unatuma, wanaiandikia serikali kuuliza huyu mtu mmemweka kwa nini. Serikali nyingine zikiulizwa hivyo, mtu anaachiwa kimya kimya."

Kisha akachukua raba ya Shabani. Nilimwona dada akishtuka, mkono ukainuka kidogo, ukarudi. "Na hii ni Banjul, Gambia. Tume ya Afrika. Hapa ni safari ndefu. Lakini hapa, mama Shabani, wakiamua, uamuzi utasomwa Afrika nzima. Wanasheria wataunukuu. Hakuna mtoto wa Mbagala atakayewekwa tena ndani kwa wimbo wa upelelezi."

Dada alizitazama zile ndala na raba. Kisha akanyoosha kidole kwenye kandambili yangu. "Mwalimu, mie nataka mlango huu."

"Kwa nini?"

"Mie nataka mwanangu arudi nyumbani tu."

Mwalimu alicheka, cheko la kumcheka mwanafunzi aliyejibu kitoto. "Haki si mtu kurudi nyumbani, mama. Geneva wanatoa maoni tu. Maoni! Unataka maoni au unataka haki?"

"Si tugonge yote miwili?" nikadakia.

"Ndiyo akili za Mbagala hizo," akasema. "Huko duniani huwezi kupeleka shauri moja huku na kule. Likishashikwa na hawa, wale watalisukuma. Ni lazima kuchagua." Akainua raba ya Shabani juu. "Haki haina haraka."

Dada akasema, "Wewe ndiye msomi, Mwalimu." Akaweka saini kwa kalamu ile. Jioni akaufuta mkeka, akairudisha raba mlangoni pembeni ya mwenzake, akazilinganisha vizuri.

Sitaki kudanganya kwamba mimi nilikuwa na akili zaidi. Nilijua tu kuwa nachukia, sikujua nachukia nini. Pengine Mwalimu alikuwa na hoja. Pengine kweli uamuzi mmoja wa Banjul ungewaokoa vijana ambao sisi hatuwajui hata kwa sura. Nimewaza hilo mara nyingi nikiwa kibandani, na sijalipatia jibu. Lakini wale vijana hawakuwa na mama aliyekaa pale kwenye mkeka. Shabani alikuwa naye, na mama huyo alikuwa ameshachagua.

Shauri likaenda. Mwalimu akawa anatuletea habari zake kama za mtoto aliyeko masomoni: limepokelewa, limepewa namba, wanaangalia kama linafaa kusikilizwa. Uso unang'aa. Sikumsikia hata siku moja akiuliza Shabani anakula nini. Gerezani kwenyewe alikwenda mwanzoni tu, akamhoji, akatoka analalamika kuwa kijana hajui kujieleza.

Halafu ukatokea msiba wa jirani yetu mmoja. Wanawake tulikuwa uani, wanaume chini ya turubai barabarani. Nikatumwa kupeleka sinia la ubwabwa. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye jamvi katikati ya wazee, anahadithia, mikono juu.

"Wakatuletea suluhu," anasema. "Upande wa serikali wakasema, tukae tuyamalize. Kijana anaachiwa, shauri linafungwa, hakuna uamuzi. Unaona ujanja wao? Nikawaandikia: haki haiuzwi!"

Wazee wakaguna kwa kuvutiwa. Mimi nikabaki nimesimama na sinia.

"Mwalimu," nikasema, "kijana gani huyo?"

Akageuka akiwa bado anatabasamu. "Ndiye Shabani wenu. Tulikataa."

"Nyie akina nani?"

"Sisi. Upande wa walalamikaji."

"Dada yangu anajua?"

"Nitamweleza katika taarifa."

Nililiweka sinia chini kwa kishindo, ubwabwa ukamwagika kwenye jamvi. Watu walinitazama kama mwendawazimu, maana ni msibani. Nilitoka pale nikaenda nyuma ya choo nikatapika kweli. Mpaka leo watu wanasema ni marehemu alinishtua.

Alipokuja tena nyumbani dada alimuuliza mwenyewe, kwa sauti yake ile ya chini. "Mwalimu, eti walitaka kumwachia?"

"Ni kweli, mama Shabani."

"Ukakataa?"

"Nilikulinda. Wewe ni mzazi, ungelegea."

Nilisubiri dada amfukuze. Nilisubiri amrushie kitu, hata kikombe. Dada akanyanyuka akaenda jikoni, na nikamsikia anawasha jiko wakati hakuna cha kupika. Siku iliyofuata akaanza upya kwa mtindo wetu wa Mbagala: mwenyekiti, mtendaji, sheikh, mbunge, redio.

Mlango upi ulifunguka sijui. Ninachojua ni kwamba asubuhi moja upande wa mashtaka ulisimama mahakamani ukasema hauna nia ya kuendelea, na Shabani akatoka na nguo alizokuwa nazo. Alirudi na kikohozi kinachomkunja mpaka magotini, na miguu imevimba kiasi kwamba raba zake zilizomsubiri mlangoni hazikumwingia. Dada alikaa chini akajaribu kumvalisha, akalegeza kamba, akajaribu tena. Shabani akamwambia, "Mama, acha. Nimeshafika."

Tulipika. Majirani wakaja, vigelegele, watoto wanarukaruka. Mwalimu akaja pia, na viatu vyake, moja kwa moja mpaka kwenye mkeka, akamsimamia Shabani kichwani.

"Wametuwahi," akasema. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake. "Itabidi tuandike kwamba yuko nje, na hilo litatudhoofisha." Kisha akainama, akamkagua kijana usoni, mashavuni, shingoni. "Umekonda kweli kweli. Safi. Tutahitaji picha."

Safi! Nilitaka nimtemee mate. Ninasema wazi, mate yalikuwa tayari mdomoni. Dada ndiye aliyenishika mkono.

Baada ya hapo Mwalimu hakuonekana kwa muda. Tulisikia bado anaandika, bado anafuatilia, sasa bila sisi. Shabani alipata pikipiki ya mkataba, siku ambazo kifua kinamruhusu anaendesha, siku nyingine analala. Jina la Mwalimu likitajwa anasema tu, "Alinifundishaga huyo," halafu anabadili mazungumzo.

Juzijuzi, mchana wa jua kali, tumekaa ndani watatu tunakula mihogo, tukasikia hodi. Haikuwa hodi ya Mwalimu, maana Mwalimu hapigagi hodi, anaingia akitamka. Hii ilikuwa hodi ya mtu anayeogopa kujibiwa. Dada akasema karibu. Pazia likasogea, akasimama yeye, shati limetoka kwenye suruali, hana chupa ya maji. Akainama mlangoni, akaanza kuhangaika na kamba za viatu. Fundo linamshinda. Mwisho akavichomoa hivyo hivyo vikiwa vimefungwa, akaviweka pembeni ya raba za Shabani, akaingia na soksi. Soksi moja ilikuwa na tundu, dole gumba liko nje. Nilimfahamu tangu nikiwa msichana na sikuwahi kuuona mguu wake.

"Mwanangu wamemchukua," akasema. "Huyu wa mwisho, wa chuo. Walikuwa wamekaa kijiweni tu, pamevamiwa, wamebebwa wote. Wanataka kumwandikia kosa lisilo na dhamana." Akamgeukia dada. "Mama Shabani, yule mwenyekiti wenu... nasikia anafahamiana na mkubwa wa kituo cha polisi alikopelekwa. Akisema neno kabla hawajaandika... Nakuomba. Nakuomba sana mama yangu."

Shabani akakohoa. Mimi nikanyanyuka, nikaenda mlangoni, nikavichukua vile viatu vyeusi, vya moto kwa jua, nikarudi navyo nikaviweka juu ya mkeka mbele yake, kimoja kulia, kimoja kushoto.

"Huu Banjul," nikamwambia. "Huu Geneva. Mwanao anakwenda wapi, Mwalimu?"

Alivitazama viatu vyake. Niliona alivyoelewa, aibu ikampanda taratibu kutoka shingoni mpaka machoni. Mdomo ukafunguka, nikajua sasa anauleta ule msemo wake, nikajiandaa kuucheka. Haukuja. Akapiga magoti kwenye mkeka, mzee wa watu, na soksi yake yenye tundu.

"Mimi nataka mwanangu arudi nyumbani tu," akasema.

Nadhani hata yeye hakukumbuka ni nani aliyemwambia maneno hayo, mahali pale pale. Dada alikumbuka. Aliokota kitambaa cha kufutia mikono akajifuta vidole kimoja kimoja, kisha akamgeukia mwanawe.

"Shabani. Mpeleke Mwalimu kwa mwenyekiti."

"Dada!" nikapiga kelele.

"Nyamaza. Kijana wa watu yuko ndani."

Shabani akachukua ufunguo wa pikipiki, akatoka akikohoa. Mwalimu akamfuata mbio, na soksi tu, viatu amevisahau, nikamsikia nje anamhimiza: "Haraka, mwanangu. Haraka, haraka."

Kijana wake alikuwa Tegeta kabla ya magharibi, hakuandikiwa kosa lolote, na hakuna aliyedai uamuzi wa kunukuliwa. Viatu havijafuatwa. Nilivitoa nje kwa ncha ya fagio, nikaroweka kitambaa, na siku hiyo mkeka niliufuta mimi.